Nishani ya Kichwa cha Ng'ombe

Siku ya sikukuu ya Kaizari, watu wote waliokusanyika mbele ya boma la Arusha walikuwa wakiitazama nishani. Feruzi peke yake alikuwa akiwatazama watu.

Nishani yenyewe ilikuwa kitu kidogo tu cha shaba, kimening'inia kwenye utepe juu ya kifua cha askari mzee ambaye hadi jana yake alikuwa akiuza ugoro sokoni na kuitikiwa salamu kwa kuonewa huruma. Leo Bwana Mkubwa wa boma alimchomeka nishani kwa mkono wake mwenyewe, tarumbeta likalia, kisha, na hapa ndipo Feruzi alipolamba midomo, kikaletwa kiti. Kiti cha kuegemea! Muuza ugoro akaketi barazani kivulini, huku matajiri wa wilaya nzima, wenye mazizi na wenye migomba, wamesimama juani wakikaushwa kama mahindi ya mbegu.

Feruzi alizisoma nyuso zile moja moja. Akaona wivu, na wivu wa mtu mwenye ng'ombe ni riziki ya mtu asiye nao. Akajisemea moyoni kwamba Mola hamtupi mja wake, hasa mja mwenyewe akiwa na macho.

Alikuwa mtu wa pwani, aliyepanda bara na misafara akiwa kijana, mzigo kichwani. Sasa ndevu zilikuwa zimeingia mvi na magoti yalikuwa yameanza kumsuta. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, tarbushi yake nyekundu, na ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu: mgahawa wake mwenyewe kule Moshi, ambako gari la moshi lilikuwa limefika juzijuzi. Mabenchi mawili, sufuria ya pilau, na yeye ameketi, watu wakimjia yeye kwa miguu yao. Kutembea kwake alikuwa amekwisha kutembea. Ng'ombe wachache wa kuuza Moshi, basi, na mgahawa ungesimama.

Ujuzi wa kazi aliupata kwa njia ya halali kabisa. Alimtumikia sajini mmoja wa Kidachi, Mjerumani aliyestaafu, mzee mpenda nishani, ambaye kila jioni alimpa azisugue kwa majivu na ndimu huku akimfundisha kuzitambua: hii ya vita fulani, angalia mwaka, utepe huu wa mfalme fulani, shaba kwa aliyepigana, chuma kwa aliyepika na kubeba mizigo. Sajini aliporudi Ulaya aliondoka na zile za maana. Kopo la makapi lilibaki, kwa sababu siku ya safari lilikuwa limejisahau chini ya kitanda cha Feruzi. Humo mlikuwa na nishani za vyama vya kwaya, za mashindano ya kulenga shabaha, za wapishi wa pombe, na moja kubwa yenye kichwa cha ng'ombe, zawadi ya maonyesho ya mifugo katika mji ambao Feruzi hakuweza hata kuutamka.

Mteja wa kwanza alikuwa Kaanaeli, mkulima wa migomba wa Akheri, Mlutheri wa ubatizo mbichi, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Alikuja baada ya kusikia, kwa bahati ambayo Feruzi aliitembeza sokoni siku nzima, kwamba kuna mtambuzi wa nishani mjini.

"Hii ni ya vita gani?" aliuliza Kaanaeli.

"Mzee Kaanaeli, swali hilo ndilo linalotenganisha wenye macho na wenye kope tu. Gusa. Shaba hiyo. Ningeweza kukupa ya chuma kwa mbuzi mmoja, lakini ya chuma ni ya wapishi. Kesho nitakutazamaje usoni?"

"Na hiki chenye nyuzi?"

Kilikuwa kinubi, alama ya chama cha kwaya. Feruzi hakupepesa.

"Upinde."

"Mbona nyuzi nyingi?"

"Ndicho kilichowaponza. Watu wa kusini hao, ng'ambo ya Rufiji. Upinde mmoja, mishale saba. Sisi tuliwafikia wakiwa bado wanabishana waanze na uzi upi."

Kaanaeli akaigeuza nishani, akaona imeandikwa maneno mengi ya Kidachi, akaridhika. Kisha dhamira ikamgonga kidogo. "Lakini mimi sikupigana."

"Nani alikuuliza kama ulipigana?" Feruzi akashusha sauti, kama mwalimu afikapo penye fumbo la dini. "Hii inaitwa nishani ya ukumbusho. Ukumbusho ni wa nani? Wa anayekumbuka. Nitakusimulia vita hivyo mpaka uvikumbuke. Ukishavikumbuka, nani atakunyang'anya?"

Wakakaa hadi adhuhuri. Kaanaeli alirudia mto, mlima, mvua, na jina la ofisa aliyeanguka kwenye matope, mpaka akaanza kusahihisha mwenyewe kina cha matope. Akaondoka na nishani kifuani. Kwenye kigingi cha Feruzi akabaki mtamba mwenye baka jeupe usoni.

Basi kazi ikashika moto. Walitoka Wameru wa juu na Waarusha wa chini, kila mmoja akivishwa kilemba cha ukoka na kukilipia kwa mfugo. Mwindaji mmoja alinunua nishani ya wapishi wa pombe, yenye picha ya pipa, na hadi leo kuna ukoo unaoamini kwamba pipa lile ni mzinga wa vita. Feruzi, kwa kuwa mgeni hana malisho, aliwaweka ng'ombe wake kwa Lemburis, tajiri wa Ngaramtoni, mtu mrefu wa maneno machache. Masharti yalikuwa rahisi: Lemburis achunge na akamue. Kila Feruzi alipokwenda kuwatazama alipewa kibuyu cha maziwa, akanywa, akajiona mtoto wa nyumbani. Mgahawa wa kichwani mwake ukaongezeka benchi la tatu.

Kanuni moja tu hakuivunja: vita vya kuuza viwe mbali. Mlima Meru ulikuwa na vita vyake. Wadachi walipanda na bunduki, wakachoma migomba, wakaswaga mifugo, na waliokufa waliacha ndugu ambao hadi siku zile walinyamaza vikitajwa. Feruzi alikuwa tapeli, lakini hakuwa fisi. Isitoshe, vita vya karibu vina mashahidi, na mashahidi huharibu biashara.

Siku moja ya soko Lemburis akamwita ndani ya boma lake. Wazee wanne walikuwa wameketi kwenye vigoda kando ya zizi, miongoni mwao Kisioki, ambaye maneno ya wazee yalipita mdomoni mwake. Nalepo, mke mkubwa wa Lemburis, akamletea mgeni maziwa, na hakuondoka.

"Na mimi nataka nishani," alisema Lemburis.

Feruzi nusura alie kwa furaha. Akafungua kopo. Akachagua ya kulenga shabaha, akaanza na Rufiji.

"Watu wakiniuliza vita hivyo vilikuwa wapi," Lemburis akamkata, "nionyeshe kidole wapi?"

"Kusini, mzee wangu. Mbali sana."

"Mbali sana si upande. Ya mbali nakupa mbuzi."

"Basi Uhehe. Uhehe siyo mbali. Hapo nakwenda na kurudi kabla viatu havijaisha."

"Huna viatu," alisema Nalepo.

"Mtamba kwa hiyo," alisema Lemburis. "Na ya karibu zaidi, fahali."

Feruzi akavisogeza vita tena. "Kilimanjaro?"

"Nina wakwe huko. Wataniuliza nilisimama wapi." Lemburis akanyoosha fimbo yake kuelekea mlimani, ambako wingu lilikuwa limekaa kileleni. "Nataka ya hapa. Ya mlima huu. Kwa hiyo nitatoa yule fahali mweusi, na ng'ombe watatu wa maziwa, na punda wa kukubebea kopo lako."

Punda! Magoti ya Feruzi yalisikia neno hilo kabla ya masikio. Aliiona njia ya Moshi, na yeye juu yake, miguu ikining'inia. Aliona benchi la nne. Ile kanuni moja ikasimama mlangoni, ikampungia mkono wa kwaheri. Ndivyo tamaa inavyofanya kazi, wala haijapata kubadili desturi.

Akatoa ile kubwa yenye kichwa cha ng'ombe.

"Nilikuwa nimeificha," alisema kwa huzuni nzuri sana. "Hii ni ya vita vya mlima huu. Tazameni kichwa hiki. Ni ukumbusho wa ng'ombe walioswagwa."

Wazee wakaipokezana. Nalepo ndiye aliyeuliza. "Na wewe ulikuwepo?"

Hapo palikuwa na shimo, na Feruzi aliliona, lakini nishani isiyosimuliwa na aliyekuwepo ni bati tu. "Nilikuwepo, mama."

"Ulipiga bunduki?"

"Bunduki haikuwa fimbo ya kuegemea."

"Ulimpiga nani?"

"Kijana mmoja." Ulimi ukashika njia, wala haukumwomba ruhusa. "Mrefu, ngao mkononi, pale kwenye kivuko cha mto. Shujaa, mama! Alinirushia mkuki ukapita hapa, sikioni, nikausikia unanong'ona. Nikapiga. Akaanguka. Mpaka leo namwona."

"Alikuwa na kovu?"

Feruzi alikuwa bingwa wa kusoma nyuso. Aliuangalia uso wa Nalepo akitafuta jibu, na mkono wa Nalepo ukapanda polepole, ukagusa shavu.

"Kovu la shavuni!" alisema Feruzi kwa ushindi.

Nalepo akapiga ukelele. "Koikai!"

"Koikai!" Lemburis akainuka, fimbo ikamdondoka. "Koikai, ndugu yangu wa tumbo moja!"

"Koikai! Koikai!" wakaitika wazee, na kutoka nyumba za nyuma wanawake wakaipokea, "Koikai!" boma zima likajaa jina hilo. Feruzi alisimama katikati na kibuyu cha maziwa mkononi. Alikuwa amewauzia watu vita kwa miezi mingi, na sasa alikuwa amejiuzia mwenyewe kimoja.

Makelele yalipopungua, Kisioki akazungumza kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. "Mgeni wetu, umesema mwenyewe. Hakuna aliyekulazimisha."

"Lakini vilikuwa vita, mzee wangu! Vita havina fidia!"

"Kweli kabisa. Adui akilala kwao, hatumdai. Lakini ng'ombe wako wanalala kwenye zizi hili, na maziwa ya nyumba hii umekunywa. Umekuwa mtu wa nyumba. Mtu wa nyumba akiwa na damu ya nyumba mikononi, damu hiyo huoshwa kwa ng'ombe."

"Ng'ombe wangapi?"

"Walioko zizini ni wangapi?"

"Wote wale?"

"Hawatoshi," alisema Kisioki, "lakini sisi siyo watu wa kumkamua mgeni."

Feruzi akaweka kibuyu chini. Mabenchi yote manne yalikuwa yakiondoka na mikia yake. Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu avuke Pangani: akasema kweli.

"Sikuwepo! Wallahi, wazee wangu, sikuwepo! Sijawahi kuwa askari, nilikuwa mpagazi! Hiyo ni nishani ya maonyesho ya ng'ombe huko Ulaya, alipewa fahali mnene!"

Lemburis akaiokota fimbo yake, akaifuta vumbi.

"Kama hukuwepo, hakuna damu," alisema. "Hapo nimefurahi. Ila sasa kuna uongo, tena uongo juu ya nishani za Kaizari. Damu tunaimaliza hapa. Uongo wa Kaizari humalizwa kwenye boma la Arusha, siyo kwetu. Saruni, mwanangu! Nifungie chakula cha njiani, nampeleka mgeni wetu kwa Wadachi akaeleze."

Hakuna mtu katika nchi ile asiyejua boma lilikuwa linaeleza vipi. Hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano ya kiboko, na kama Bwana Mkubwa ameamka vibaya, nyingine kesho yake. Feruzi aliifikiria ngozi yake ya mgongoni, ambayo ilikuwa mali yake ya mwisho isiyokaa zizini. Akaketi.

"Sasa nakumbuka," alisema. "Nilikuwepo."

"Na kovu?" aliuliza Nalepo.

"Lilikuwepo, mama."

"Shavu la kulia au la kushoto?"

"Lile utakalopenda wewe."

Wakamalizana kwa heshima zote. Kisioki alimbariki, na wazee wakamtemea mate ya baraka kifuani mpaka kanzu ikalowa. Nalepo alimpa kibuyu kingine cha maziwa. Nishani ya kichwa cha ng'ombe ilibaki kwa wenye msiba. Kopo na makapi yake aliruhusiwa kuondoka nalo, kwa miguu.

Alijilaza mjini siku nne kwa mtu aliyekuwa hajamuuzia kitu, na asubuhi ya tano akashika njia ya Moshi. Kila goti lilisema lake. Alipokuwa chini ya Akheri, kwenye mteremko wenye migomba pande zote, akakutana na mtu mrefu aliyevaa lubega, anaswaga mtamba mmoja kwa utaratibu kama mtu anayempeleka mgeni nyumbani. Mtamba alikuwa na baka jeupe usoni. Mtu alikuwa na kovu refu shavuni. Kwenye fundo la lubega lake ilining'inia nishani ya kichwa cha ng'ombe.

"Sopa," alisalimu yule mtu. "Tarbushi hii nimesikia sifa zake. Wewe ni Feruzi?"

"Ndiye. Na mwenzangu?"

"Koikai."

Feruzi akatafuta jiwe, akalikalia. "Koikai wa Lemburis?"

"Ndugu yake. Tumbo moja."

"Lakini mimi... mimi nilikuua."

"Niliambiwa," alisema Koikai. "Pole kwa kazi."

Hakuwa na haraka. Alimwacha mtamba ale majani ya kando ya njia, akaegemea fimbo yake, amesimama kwa mguu mmoja. Mambo, alieleza, yalianza kwa Kaanaeli. Jumapili moja kanisani mwalimu alionyesha picha ya Daudi akimpigia Sauli kinubi, na Kaanaeli akauona upinde wake mikononi mwa mtakatifu, nyuzi zote, na mshale hakuna. Hakulala. Akamfuata Lemburis, kwa sababu walikuwa marafiki wa mifugo tangu baba zao, na kwa sababu mtamba wake alikuwa kwenye zizi la Lemburis akinenepeshwa kwa tamaa za mtu mwingine.

"Lemburis alitaka kukupeleka bomani siku ile ile," alisema Koikai. "Nalepo akakataa. Akasema kiboko kitamuumiza mtu, lakini hakirudishi ng'ombe. Akasema tunahitaji maiti. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, sina kazi. Wakanipeleka Olmotonyi nikae huko mpaka nimalize kufa."

"Lakini walilia!" Feruzi karibu alie mwenyewe. "Niliwasikia! Boma zima lilikuita kwa jina lako, Koikai, Koikai, wazee, wanawake, wote!"

Koikai akacheka mpaka akashika magoti.

"Hapo ndipo wazee walipoogopa. Kisioki alisema, akisikia hivyo ataamka. Kwetu mtu akifa jina lake halitajwi tena. Mkewe halitamki, mtoto wake halitamki. Tunalizika. Nyumba nzima inaniita Koikai, Koikai, na wewe umesimama na maziwa, hujiulizi? Mlima huu wote siku ile haukuwa na mtu aliye hai kuliko mimi."

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Hilo Feruzi alilijua tangu utotoni. Lakini aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwa amekutana nayo kwa muda mrefu. Alikuwa amekunywa maziwa ya watu wale miezi mingi, akizisoma nyuso zao kila siku, na hakuwahi kuwauliza jambo moja ambalo halikuwa na mkia nyuma yake.

"Nipeni hata mmoja," alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja tu, ndugu yangu."

"Hatuna wa kukupa. Kila mmoja amerudi kwa mwenyewe. Huyu ndiye wa mwisho, anarudi kwa Kaanaeli." Koikai akaishika nishani, akaigeuza iangalie jua. "Hii Lemburis kasema nivae mimi, maana marehemu ndiye aliyestahili. Ila nasikia wewe ndiye mtambuzi. Niambie, ya vita gani?"

Feruzi akaitazama. Hakuwa na nguvu ya kuunda hata mto mmoja. "Ya maonyesho ya ng'ombe. Ulaya. Ilikuwa ya fahali."

Koikai akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu kwa mwanafunzi aliyekuwa hodari zamani.

"Umeitazama vibaya. Hii ni ya vita vya Ngaramtoni. Adui alikuja peke yake, amevaa tarbushi, ameteka mitamba ya nchi nzima. Sisi hatukufyatua hata risasi. Tukarudisha ng'ombe wote." Akampigia mtamba mluzi, mtamba akainua kichwa, wakaanza kupanda. "Nilikufa mimi peke yangu," alisema bila kugeuka, "na sasa nawahi kwa Kaanaeli, ameniwekea ndizi."